Pimbi tunamjua kwa matusi tu

Jumapili mbili zilizopita umeme ulikatika kwetu tangu asubuhi, simu ina asilimia nne, na dogo wa dada yangu (ana miaka saba, alikuja likizo kutoka Geita) kashaniuliza mara kumi "anko umeme unarudi saa ngapi", basi nikamwambia vaa viatu twende. Tukachukua bodaboda mpaka Capri Point, hapahapa Mwanza, tukapanda yale mawe ya upande wa Ziwa Victoria tukakaa. Sikuwa na mpango wowote wa maana. Mi si mtu wa mazingira, nisidanganye, ziwa huwa naliona nikiwa kwenye daladala tu kama watu wengi wa huku.

Mara dogo akaruka. "Anko! Spider-Man!"

Nikageuka nikidhani kuna mtoto kavaa ile nguo. Kumbe mjusi. Dume, kichwa mpaka mabegani chekundu kile cha kuelekea zambarau, kuanzia hapo kwenda mkiani bluu iliyokolea, kakaa juu ya jiwe la moto anapiga pushapu, anashuka anapanda, anashuka anapanda, anatutazama kwa jicho moja kama mlinzi wa geti anayesubiri useme unamfuata nani.

Nilicheka sana, ila baadaye kikanikaa kichwani. Huyu mjusi nimemwona tangu nazaliwa. Mawe ya Mwanza yamejaa hao, na utotoni Kirumba tulikuwa tunawarushia mawe kwa manati bila sababu yoyote. Sijawahi hata siku moja kujiuliza anaitwaje. Usiku umeme uliporudi nikaingia mtandaoni, nikakuta jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, yaani agama wa Mwanza, alipewa mwaka 1923, na wazungu wanaomfuga kwenye matangi ya vioo huko kwao nao wanamwita hivyohivyo, mjusi wa Spider-Man. Kwa hiyo dogo hakukosea kitu. Mwenye aibu ni mimi, mtu mzima, mwenyeji, kiumbe kimebeba jina la mji wangu karne nzima na mi nakijua kama kitu cha kurushia jiwe.

Siku hiyohiyo, tukiwa bado juu ya mawe, akapita pimbi pia. Dogo akauliza kama ni panya mkubwa. Nikamwambia huyo ndo pimbi. Alicheka mpaka akashika tumbo, kwa sababu kwake pimbi ni tusi, ni neno wanaloitana shuleni mtu akikosa hesabu, hakuwahi kujua kwamba nyuma ya hilo tusi kuna mnyama ana manyoya na pua na watoto. Nikamwambia tena ndugu zake wa karibu ni tembo. Akanitazama kama vile nimeanza uzee mapema. Ni kweli lakini, wanasayansi wanamweka kwenye ukoo wa tembo, pamoja na udogo wake wote ule wa sungura.

Sasa nimekuwa nawaza wiki mbili hizi, tulipotezaje hamu na hivi vitu. Na jibu la haraka ambalo kila mtu analo ni simu. Watoto wanashinda TikTok, watu wazima nao hivyohivyo, nani ana muda wa kuangalia mjusi. Mi hilo jibu silikubali, au tuseme nalikubali robo. Sisi wa miaka ya tisini hatukuwa na simu na bado mjusi tulimpiga manati.

Kuna utafiti mmoja wa Uingereza uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2002, watu wa Cambridge, waliwaonesha watoto wa shule za msingi picha za mimea na wanyama wa kawaida wa nchini mwao, halafu wakawaonesha na picha za Pokémon, yale makatuni ya kwenye kadi, wakawaambia haya taja majina. Watoto wa miaka minne walijua viumbe halisi kuliko Pokémon kwa mbali. Walipofika miaka minane meza imepinduka, Pokémon wanapatia kama asilimia 78, viumbe vya nje ya dirisha lao asilimia 53. Angalia huo mwaka. 2002, simu janja hizi hazijafika. Na mi nikisoma pale sioni watoto wavivu, naona watoto wenye njaa ya majina, mtoto wa miaka minane anaweza kubeba mamia ya majina kichwani, na tabia za kila mmoja, nani anamshinda nani. Shida ni kwamba Pokémon wana mtu wa kumletea hayo majina kila siku kwa rangi na muziki, na mjusi wa Capri Point ana mjomba asiyejua kitu.

Ila hata hapo bado nahisi sijafika kwenye mzizi, maana wazee wetu hakuna aliyewaletea kadi na walijua vitu vingi ajabu. Walivijuaje?

Nadhani ni kwa sababu walikuwa na shughuli navyo. Nani alikaa zamani kando ya ziwa akasema "aah, uzuri ulioje", labda wapo, mi kwetu sijamwona. Mama yangu aliuza dagaa Mwaloni Kirumba, lile soko la samaki la kando ya ziwa, miaka mingi, na nyumba yetu iliendeshwa na mwezi, yaani mwezi wa angani, sio wa kalenda. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, enzi hizo karabai, siku hizi taa za sola, wanafuata mwanga halafu wanazungushiwa wavu, sasa mbalamwezi ikiwaka ziwa zima lina mwanga, taa yako inakuwa haina maana, kwa hiyo wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanalewa, na mwaloni panapoa. Giza likirudi ndo hela inarudi. Mi nikiwa darasa la nne nilikuwa naweza kukwambia mwezi una siku ngapi bila kutoka nje, kwa sababu ya mboga. Tukila dagaa wabichi wa kukaanga, giza. Tukila maharage siku ya tano mfululizo, mbalamwezi. Mwalimu akituma barua ya michango mama anasema "mwambie asubiri giza", na mwalimu naye wa hukuhuku, anaelewa kabisa, hakasiriki.

Mama aliacha dagaa mwaka 2009, mgongo, akafungua genge Buswelu. Na mi tangu hapo sijawahi kujua mwezi una siku ngapi. Hakuna aliyenikataza, hakuna simu iliyoniiba. Shughuli imeisha, jicho nalo likaacha kuangalia juu. Nikiwaza naona ndo ilivyokuwa kwa kila kitu, bibi yangu Misungwi alijua miti kwa kuni na kwa dawa na kwa mpini wa jembe, huu unawaka bila moshi, huu ukichoma nyumba nzima mtalia machozi, huu usiuguse kabisa, na leo dada zangu wanapikia gesi. Maji yanatoka bombani. Mtoto akiharisha kuna duka la dawa. Na tuelewane, mi sitaki kurudi huko, anayetamani kuchota maji ziwani na ndoo kichwani aende yeye, mama yangu mgongo wake ndo risiti ya hayo maisha.

Na ushahidi mwingine kwamba ni mambo ya shughuli, nenda mwaloni leo kawaulize vijana kuhusu bondo. Bondo ni lile puto la hewa lililo ndani ya tumbo la sangara, linakaushwa linaenda China kwa bei ya kutisha. Kuna kijana pale hakumaliza hata la saba, ila akishika bondo mkononi anakwambia uzito wake, ametoka kwenye samaki wa kilo ngapi, na kama limeharibika kwa kuchanwa vibaya na kisu, anaongea kama profesa. Hamu ya viumbe ipo tele, kaka. Imehamia palipo na hela.

Halafu kuna woga, na huo sio wa kuudharau. Mi nimekua nimefundishwa kwamba ziwa ni kichocho. Shuleni kwetu, hatua chache tu kutoka majini, walikuwa wanakuja wauguzi na fimbo ndefu iliyochorwa mistari, unasimama nayo wanakupima urefu, mstari ulipofikia kichwa chako ndo idadi ya vidonge vyako, watoto warefu walikuwa wanalia kabla hata ya kumeza. Ujumbe ukaingia, ukigusa maji unakojoa damu. Na ni kweli, konokono wa kichocho wapo mpaka leo, mamba wapo, kiboko yupo. Halafu tarehe 21 Mei 1996, nikiwa darasa la tatu, MV Bukoba ikazama hapo karibu kabisa na mjini, watu zaidi ya 800. Wengi wamezikwa pale Igoma. Nyumbani kwetu mama aliacha kula samaki kwa muda mrefu sana na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Ukimwambia mtu wa rika langu aliyekulia Mwanza "mbona hulipendi ziwa", jipange kwanza.

Sasa juu ya woga ukaja ukuta. Hesabu mwenyewe, ukitaka leo kushuka na mwanao mkae mahali muangalie maji bure, unaenda wapi? Sehemu nzuri ni hoteli, unaingia unaagiza soda kwa bei ya kreti. Inayofuata ni kiwanda cha samaki. Inayofuata kiwanja cha mtu kina fensi na mbwa. Panapobaki wazi ni mwaloni kwenye biashara, au pale takataka zinaposhukia, na korongo wale wenye mfuko shingoni wamesimama juu yake kama madiwani kwenye kikao. Kisiwa cha Saanane kipo, ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kizuri na kipo karibu mpaka unakiona ukiwa mjini, na nina marafiki wana miaka arobaini hawajawahi kukanyaga. Ukiwauliza wanakwambia pale ni pa wazungu na wanafunzi. Ndo hapo, viumbe vimekuwa "utalii", na utalii kwetu ni kitu anachofanya mtu mwingine.

Na kuna aibu, hii nadhani haisemwi sana. Kujua majina ya miti na ndege kwa huku mjini kunakufanya uonekane mshamba. Jirani yangu mmoja amejenga vizuri sana, hongera zake, alikuta kiwanjani pana mwembe mkubwa, kivuli safi, kila mwaka unazaa mpaka watoto wa mtaa wanavimba matumbo. Kaukata. Sababu, majani yanachafua pevingi. Kaweka pevingi kuanzia getini mpaka mlango wa jikoni, hakuna hata sehemu ya kutemea mate, na saa saba mchana pale panawaka kama kikaango, yeye na familia wanakimbilia ndani kwenye feni. Sebuleni kaweka mti wa plastiki wenye maua. Mke wake anaufuta vumbi kila Jumamosi kwa kitambaa chenye maji. Mi niliwahi kumuuliza kwa utani, "mzee, huu nao haumwagi majani?" akacheka akasema ndo raha yake. Sikuwa na la kujibu maana kwa kweli haumwagi.

Kitu kingine kinachotumaliza ni kwamba hatuna kumbukumbu. Dogo pale juu ya jiwe aliniuliza kwa nini bahari kwenye TV ni ya bluu na ziwa ni la kijani. Kwake ziwa ni la kijani, basi, ndo rangi yake, kama nyasi. Mama anasema alivyokuwa msichana alikuwa anaosha vyombo anaona mawe chini na furu wanakuja kudonoa makombo. Kuna mtaalamu wa uvuvi anaitwa Daniel Pauly aliandika mwaka 1995 kuhusu hali hiyo, kwamba kila kizazi cha wataalamu kinachukua hali kilichoikuta kilipoanza kazi kama ndo kipimo, kikipungua kinahesabu kuanzia hapo, na kijacho nacho hivyohivyo, kwa hiyo hakuna hata mmoja anayeona jumla ya kilichopotea. Aliwasema wataalamu. Sisi wa kawaida je? Mama analia na bluu, mi nalia na kijani kilichokolea, dogo hana cha kulilia.

Na hao furu ndo wameniumiza zaidi kwenye kusoma kwangu. Furu kwetu ni neno moja, samaki mdogo wa mifupa mingi, wa bei ya chini, chambo. Kumbe lile neno moja lilikuwa limebeba zaidi ya aina 500, nyingi hazipo popote duniani isipokuwa humu ziwani, na zimetokea kwa kasi ya ajabu, maana ziwa lenyewe lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita. Kuna furu anakula konokono, kuna wa kukwangua mwani kwenye mawe, kuna anayekula mayai na vifaranga vya wenzake. Waholanzi wa Chuo Kikuu cha Leiden walikuja hapa Mwanza mwishoni mwa miaka ya sabini kuwachunguza, na wakati wanaendelea kuhesabu, sangara, ambaye aliletwa na watu miaka ya 1950 na 1960, akalipuka miaka ya themanini na furu wakaanza kutoweka hukohuko kwenye nyavu za watafiti. Inakadiriwa aina kama 200 zimekwenda. Halafu waliobaki wakakutana na maji machafu, mwaka 1997 ukatoka utafiti uliofanyika kwenye ghuba yetu hii hapa ukionesha kwamba majike wa furu wanachagua dume kwa rangi, maji yakiwa na ukungu hawaoni vizuri, wanachanganyana, aina mbili zinakuwa moja. Yaani huko chini nako wanapotezana majina.

Mmoja wao anaishi kwenye mawe ya ghuba ya Mwanza, dume lake mgongo mwekundu, ubavuni njano yenye mistari myeusi ya kusimama. Walimpa jina mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, na siku hizi jina lake kamili ni Pundamilia nyererei. Lisome tena taratibu. Maneno mawili ya kisayansi na hakuna hata moja linalohitaji kamusi. Watu wa Ulaya na Marekani wanamfuga sebuleni, wanabishana mtandaoni namna ya kumlisha, na mi mtu wa Kirumba nimemjua nikiwa na miaka thelathini na tisa.

Nikasema lazima nimwone. Dogo kasharudi Geita, lakini aliniagiza nimpigie picha. Nina jamaa yangu tuliyesoma naye, anavua sangara kwa migonzo, zile kamba ndefu zenye ndoano nyingi, upande wa Luchelele, nikampigia, akasema njoo ngosha, ila ujue hatuendi kutembea. Jumamosi saa kumi jioni tukatoka na mtumbwi mpaka kwenye kisiwa kimoja kidogo cha mawe matupu, kimejaa mavi ya ndege mpaka kimekuwa cheupe. Pale ndo anapata chambo chake. Ndoano ndogo, kipande cha mnyoo, anaishusha pembeni ya jiwe na kuipandisha, anaishusha na kuipandisha, furu wanatoka mmojammoja anawatupia kwenye ndoo yenye maji. Wa kijivu, wa kijivu, mwingine kama wa bluu, wa kijivu. Wa saba au wa nane akatoka mwekundu.

Nikapiga kelele. Jamaa akashtuka akidhani nimeona mamba. Nilimshika yule samaki mkononi, hafiki urefu wa kiganja, mgongo kama mkaa uliopulizwa, ubavu njano, mistari, mapezi ya chini meusi, na ile rangi ukimtoa majini haikai, unaiona inaanza kufifia ukiwa unamtazama. Nikampiga picha tatu, mbili zimetingishika.

"Unamjua huyu?" nikamuuliza.

"Furu."

"Huyu anaitwa Mwalimu."

"Mwalimu wa nini?"

"Nyerere. Wamempa jina la Nyerere, kabisa, kwenye vitabu."

Akamchukua mkononi mwangu, akamgeuza upande huu na huu. Akakaa kimya kidogo, nikaona kabisa anamwangalia, sio kwa kumpima, anamwangalia tu. Mi nikajisemea moyoni haya, leo nimefanya kazi.

"Basi Mwalimu atusaidie," akasema, akamchoma ndoano mgongoni, chini kidogo ya pezi ili asife haraka, akachukua mwingine kwenye ndoo.

Tukalala ufukweni. Alfajiri tulipovuta tulipata sangara wawili, mmoja wa kilo tatu hivi na mwingine mdogo ambaye jamaa alimrudisha majini bila kuniangalia usoni. Ndoano nyingine zilikuwa zimeliwa chambo. Nilivyopata mtandao nikamtumia mama yake dogo ile picha moja iliyotoka vizuri, nikaandika mwoneshe mwanao, mwambie ndo yule samaki. Saa mbili baadaye ikaja voisi, kelele za TV nyuma, dogo anapiga kelele kwa furaha.

"Anko! Huyu ni Iron Man!"